Mashine ya umeme ya kufyekea inakata uzi na kunuka: anza na kinga uliyoivua

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Uyole, Mbeya. Nilinunua mashine ya umeme ya kufyekea nyasi, wati 600, ile ya uzi, mota ikiwa chini karibu na kichwa. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, nyasi nyingi ni kikuyu, na pembeni nina miche ya parachichi. Kinga ya plastiki niliivua kwa sababu majani mabichi yalikuwa yanajaa chini yake. Uzi uliokuja nayo ulipoisha, dukani waliniuzia wa milimita 2.4 wakasema ndio imara. Sasa unakatika kila baada ya dakika chache, nikigonga kichwa chini hautoki, na mota inachemka hadi inatoa harufu. Niitupe ninunue ya petroli?

Jibu: Usiitupe bado, ndugu yangu. Karibu kila ulichokitaja kimetokana na mambo mawili: kinga iliyovuliwa na uzi mnene. Yote mawili yanarekebishika bila kununua mashine nyingine. Kama mota imeshaumia utajua kwa ukaguzi wa nusu saa ambao nimeueleza chini. Kabla hujagusa chochote, chomoa plagi kwenye soketi. Kuachia swichi ya mkononi pekee hakutoshi unapotaka kushika kichwa.

Tuanze na kinga, maana hapo ndipo alipo mchawi wako. Wengi wanaijua kama kitu cha kuzuia mawe yasiruke miguuni, na kazi hiyo inafanya kweli. Lakini ichukue ulikoiweka, ipindue uitazame ukingoni. Utaona kipande kidogo cha chuma chenye makali, upana wake kama kidole. Ukigonga kichwa chini, uzi hutoka kidogo, huzunguka, hupita kwenye kisu hicho na kukatwa katika urefu ambao mota imepangiwa. Mashine za ukubwa wa yako nyingi hufyeka duara la sentimita 25 hadi 30, yaani uzi hufika sentimita 12 hadi 15 hivi kutoka katikati. Bila kinga hakuna cha kuukata. Unaendelea kurefuka kila unapogonga, na wewe unafurahi kwa sababu duara limekuwa kubwa.

Mota haifurahi. Uzi unaozunguka hupasua hewa kabla hata haujagusa jani, na mzigo wa hewa hauongezeki kwa kadiri ya urefu tu. Kwa mwendo uleule, ukirefusha uzi mara mbili mzigo huo unapanda mara 16. Duara likitoka sentimita 30 kwenda 40, mzigo wa hewa unazidi mara tatu. Unene nao unahesabika: uzi wa 2.4 ukilinganishwa na wa 1.4 unaongeza mzigo kwa karibu robo tatu. Zidisha hayo mawili, mota yako inapewa mara tano na zaidi ya kazi ya kupasua hewa iliyotengenezewa, na nyasi bado hazijaanza kukatwa. Bila shaka haiwezi kubaki kwenye mwendo uleule, kwa hiyo inapunguza mwendo. Feni ya kuipoza iko kwenye mhimili huohuo, nayo inapunguza mwendo pamoja nayo. Mota inavuta umeme mwingi zaidi wakati ambapo hewa ya kuipoza imepungua. Harufu unayoisikia ni vanishi inayofunika nyaya za shaba ndani, ikianza kuchemka.

Rudisha kinga, basi, na uikaze kwa skrubu zake zote. Hayo majani yaliyokuwa yanajaa chini yake yana dawa yake, tutafika huko.

Kuhusu uzi, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kichwa au kwenye kibandiko cha mashine. Kwa mota za wati 300 hadi 600 mara nyingi ni milimita 1.2, 1.4 au 1.6. Uzi wa 2.0 na 2.4 ni wa mota kubwa za wati 1000 na zaidi, au za petroli. Muuzaji hakukudanganya aliposema 2.4 ni imara, ila uimara wake unaonekana pale penye nguvu ya kuuzungusha kwa kasi. Nyasi zinakatwa na kasi ya ncha, na uzi mwembamba unaozunguka haraka unakata vizuri kuliko mnene unaojikokota. Ukikosa cha kupimia, chukua kipande cha ule uzi wa kwanza kama kimebaki uende nacho dukani mkalinganishe. Na tafadhali, asije mtu akakushauri ufunge waya wa kufungia nondo, spoku ya baiskeli au kebo ya breki badala ya nailoni. Kipande cha chuma kikikatika kwenye mwendo ule kinaruka kama risasi, na kinga ya plastiki haikisimamishi.

Kuna jambo moja la uzi linalotuhusu hasa sisi wa nyanda za juu. Nailoni hunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo ndio unaoupa ulaini. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Mbeya, Iringa na Makambako ni kavu, na uzi uliokaa stoo chini ya bati miezi hiyo yote hukauka ukawa kama tambi mbichi. Mvua za Novemba zikianza, unautoa na unakatika palepale unapoingia kichwani. Chukua bunda zima, lizamishe kwenye ndoo ya maji kwa saa 24, lifute, kisha ndipo uuzungushie kwenye bobini. Jaribu kabla na baada: kunja kipande kwa vidole. Kilichokauka kinapiga ufa mweupe kwenye kona, kilicholowa kinakunjika na kurudi. Uzi unaobaki uweke mahali pasipo na jua, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa.

Sasa bobini, yaani kile kigurudumu cha ndani kinachobeba uzi. Kwa nini ukigonga hautoki? Mara nyingi nyuzi zimepishana au zimeyeyuka zikashikana. Uzi ukizungushwa kiholela, mizunguko ya juu huzama kati ya ile ya chini na kubanwa. Ukigonga ukuta au jiwe mara kwa mara, mtikisiko na msuguano huchemsha nailoni, na mizunguko miwili inayogusana hushikana kama imechomelewa. Fungua kichwa. Vingi vina vibonyezo viwili ubavuni, unabonyeza vyote kwa pamoja na kuvuta kifuniko. Vingine vina kitufe cha kufungua kwa kuzungusha, na uzi wa skrubu yake mara nyingi huenda kinyume na kawaida, kwa hiyo ukiona kinakaza jaribu upande wa pili kabla ya kukilazimisha. Shikilia kwa kiganja, maana chini ya bobini kuna springi na hiyo ndiyo hupotea kwenye majani. Toa uzi wote, hata kama unaonekana mzima. Futa ute wa majani uliokauka ndani ya kichwa. Pitisha kidole kwenye vitundu viwili unapotokea uzi: kama pete ya chuma imelika na kuwa na makali, hiyo peke yake inatosha kukata uzi kila dakika tano, na pete au kichwa kizima inabidi vibadilishwe.

Kata uzi mpya wa mita 3 hadi 4. Bobini ndogo hazihitaji zaidi. Kama kichwa chako kinatoa nyuzi mbili, kunja uzi katikati, pachika pindo kwenye mkato uliopo kwenye ukuta unaogawa bobini, kisha zungusha kila upande kwenye chumba chake kwa kufuata mshale. Kama ni uzi mmoja, ingiza ncha kwenye tundu na uanze. Mizunguko ilale sambamba, mmoja kando ya mwenzake, kutoka ukingo hadi ukingo na kurudi, ikiwa imekaza kiasi bila kuvutwa kwa nguvu. Acha nusu sentimita kabla ya kufika ukingo wa bobini. Ukiijaza hadi juu, haitacheza ndani ya kichwa na hutaona uzi ukitoka hata ugonge mara ishirini. Bana ncha kwenye mikato ya pembeni zibaki sentimita 15 hivi, zipitishe kwenye vitundu, rudisha springi na bobini, funga, kisha vuta ncha ziachie mikato. Kabla ya kuchomeka plagi, bonyeza kitufe cha chini kwa mkono huku ukivuta uzi. Ukitoka kwa kubonyeza na ukagoma bila kubonyeza, umefanya sawa.

Wakati wa kazi, gonga mashine ikiwa kwenye kasi kamili na juu ya nyasi, si juu ya saruji. Gonga wakati bado una sentimita tano au zaidi za uzi nje. Ukiachia uishe kabisa, hakuna uzito wa kuvuta uzi mwingine na itabidi ufungue kichwa tena. Vipo pia vichwa visivyo na kitufe chini, vinavyotoa uzi vyenyewe kila unapozima na kuwasha. Hivyo ukivigonga unavipasua.

Majani kujaa chini ya kinga: hapo ni muda na mtindo wa kufyeka. Asubuhi Uyole nyasi zina umande hadi saa nne, pengine saa tano mawingu yakiwa mazito. Kikuyu iliyolowa inakatwa ikageuka uji, na uji huo unaganda chini ya kinga hadi unagusa uzi. Subiri nyasi zikauke, na umeme na maji navyo havipatani. Tena usiingize kichwa chote kwenye nyasi za magotini. Kata kwa tabaka: teremsha sentimita 15 hivi za juu, rudi, teremsha zinazofuata. Kinachokata ni sentimita mbili tatu za mwisho za uzi, zilizobaki ni mkono wa kuzifikisha pale. Sikiliza mota: sauti ikianza kuzama, rudisha kichwa nyuma ipate pumzi kisha uingie tena. Kila dakika kumi hivi, zima, chomoa, kwangua chini ya kinga kwa kipande cha mti. Kiwanja kikiwa kimeachwa masika yote na kuna mashina magumu ya magugu, pitisha kwanza fyekeo la mkono, mashine ije kusafisha.

Usikwangue kikuyu hadi udongo uonekane. Iache sentimita tano. Ikikatwa chini mno ukielekea kipupwe inakuwa njano, na udongo ulio wazi ndio unaokaribisha kishona nguo na magugu mengine. Halafu uzi ukigusa udongo unakutana na vijiwe, unaisha.

Ujue pia mashine yako inatupa majani upande gani. Washa, gusa kidogo, uangalie yanakorukia, kisha panga mwendo wako ili upande huo uwe ule uliokwisha kufyeka. Kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma na nguzo za seng'enge, inamisha kichwa kidogo na usogee polepole ncha tu ikigusa. Seng'enge hasa hukamata uzi, huuzungushia na kuukata kwenye tundu.

Na miche ya parachichi, nakuomba sana, usiifikie kwa mashine. Uzi hauhitaji kukata shina ili kuua mche. Chini ya gome kuna tabaka laini linalopitisha chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi. Uzi ukivua gome kuzunguka shina, hata upana wa kidole, mizizi inakosa chakula na mche unakauka taratibu wiki kadhaa baadaye, wakati wewe umeshasahau na unalaumu udongo. Kwa miche iliyounganishwa, jeraha karibu na kiungo ni baya zaidi. Ng'olea kwa mkono duara la nusu mita kuzunguka kila shina, weka majani makavu bila kuyagusisha shina, halafu mashine iishie nje ya duara hilo.

Umeme sasa. Kwa kiwanja cha mita 30 utahitaji ekstensheni, na zile nyembamba za kuchomekea redio na simu si za kazi hii. Tumia kebo ya nyaya za milimita 1.5 za mraba. Kwa wati 600 inafika hata mita 50 bila shida. Kebo nyembamba inapoteza volti njiani, na mitaa mingi umeme wa jioni wenyewe umeshashuka, kwa hiyo mota inabaki na nguvu pungufu na inachemka kwa sababu ileile ya feni kuzunguka polepole. Kama kebo ni ya kuviringisha kwenye gurudumu, ikunjue yote hata ukihitaji mita kumi tu. Ikiwa imeviringika inashindwa kupoa na ganda lake linaweza kuyeyuka.

Kebo iwe nyuma yako daima, ipite juu ya bega. Anza kufyeka karibu na soketi ukienda mbali nayo. Ukianza mbali utakuwa unarudi kuielekea kebo. Ikikatwa au kukwaruzwa, acha kila kitu, nenda ukachomoe kwenye soketi kabla ya kuigusa. Kiungo cha tepu kinachoburutwa kwenye majani mabichi kimeua watu. Nunua kebo nyingine au fupisha iliyopo kwa kufunga plagi upya. Mwite fundi umeme akuangalizie kama kwenye meinswichi kuna RCD ya miliampia 30, kile kifaa kinachokata umeme papo hapo unapovuja kupitia mwili wa mtu. Ina kitufe cha T. Kibonyeze kabla ya kila kazi, lazima ikate. Sakiti breka ya kawaida haifanyi kazi hiyo, na nyumba nyingi za zamani zina breka tu.

Mavazi sitayarefusha: miwani ya kinga, suruali ndefu nzito, gambuti, na watoto na kuku wawe mita 15 mbali. Okota mawe, vizibo na vipande vya waya kabla.

Tumalizie na mota yako. Baada ya kurudisha kinga na uzi sahihi, chomeka, iache izunguke bila kufyeka kwa dakika mbili, uchungulie kwenye matundu ya hewa ukiwa kivulini. Cheche ndogo za buluu pale kaboni, yaani vipande vyeusi vinavyopeleka umeme, zinapogusa shaba ya sehemu inayozunguka ni kawaida. Cheche ndefu za njano zinazozunguka shaba yote kama pete ni dalili kwamba kaboni zimekwisha au nyaya za sehemu inayozunguka zimeungua. Chomoa, fungua ganda, piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Zipo kaboni mbili, vipande vyeusi vya mstatili vyenye springi nyuma. Ikiwa mojawapo imebaki milimita 5 au pungufu, badilisha zote mbili kwa pamoja. Nenda na ya zamani dukani, ziwe na upana na unene uleule. Kaboni kubwa kidogo inaweza kusuguliwa kwa msasa laini hadi iteleze kwenye nyumba yake. Ndogo usiikubali, itacheza na kupiga cheche. Zikishakaa, washa bila mzigo dakika tano zijipange kwenye shaba.

Ukiwa umefungua, tazama nyaya. Zikiwa na rangi ya asali, umeponea chupuchupu. Zikiwa nyeusi, zimekauka na zinanuka, au shaba ina vipande vilivyoungua vinavyotazamana, mota imekwisha. Kuisuka upya mota ndogo kama hii mara nyingi kunagharimu karibu sawa na mashine mpya. Zungusha pia mhimili kwa mkono: ukikwaruza ni beringi, ukigoma kabisa angalia kwanza chini ya kichwa, kikuyu ina tabia ya kujisokota pale kama kamba na kukaba.

Kuanzia hapo, kila baada ya kazi chomoa, kwangua kinga kabla ute haujakauka, piga brashi kavu kwenye matundu ya hewa, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usiioshe kwa mpira wa maji. Itundike, isiegemee kichwa, na kebo isikunjwe kwa kukaza pale inapoingia kwenye mkono wa mashine, maana huko ndiko nyaya hukatika ndani kwa ndani na mashine ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe. Fanya kazi dakika 15, ipumzike 10. Kabla ya kuzima iache izunguke bure nusu dakika ipoe. Ukishindwa kuweka kiganja kwenye ganda la mota kwa sekunde tano, imeshazidi.

Petroli? Kwa mita za mraba 600, ukitoa nyumba, sioni sababu. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda, na sisi tuko juu ya 1700. Kabureta isiporekebishwa inatoa mafuta mengi kupita kiasi cha hewa iliyopo, na plagi ya injini inajaa masizi. Bado kuna kuchanganya oili, kuna kelele, kuna kamba ya kuvuta. Ya umeme ikifanya kazi saa nzima haimalizi uniti moja ya LUKU. Ukiwa na shamba la ekari mbali na soketi, au vichaka, hapo petroli ina haki yake. Ukikuta nyaya nyeusi ndani, nunua ya umeme tena ya wati 1000 hivi yenye mota juu karibu na mkono, ambayo haili unyevu wa nyasi. Hiyo ndiyo inayoweza kuhitaji uzi wa 2.0, ila soma kichwa chake kwanza.